Msifute Video za Lango

Wanangu, na hasa wewe Fagio,

Chai iko kwenye chupa. Msizime kompyuta. Futeni ~~video za zamani~~ hapana, msifute kitu!

Asubuhi Fagio kaniambia, "Baba, diski imejaa, hizo video za lango zinamaliza nafasi." Zile ndizo zinazomwonyesha bosi akitufungia sisi wafanyakazi lango la kiwanda, na leo kwenye kikao atasema tuliondoka wenyewe. Mimi sijasahau.

Basi nimejaribisha faili chache za kila aina kwenye programu ya kubana. Video hazikupungua, kwa kuwa simu ilishazibana tangu mwanzo, ziacheni zilivyo. Karatasi nilizoskani kwa ile mashine kuukuu zimepungua mno, maana nyingi ni weupe mtupu. Hizo zibaneni zote, nafasi itapatikana.

Hotuba zangu za kudai haki zetu kiwandani ni faili ndogo, kuzibana hakuna faida, ila zilisinyaa kuliko zote. Mama yenu akacheka: "Programu inabana yanayojirudia, na wewe mzee unarudia yale yale!"

Narudia kwa sababu wakubwa wa kiwanda hawajajibu. Leo nakwenda kurudia tena, na nakala ya video ninayo mfukoni.

Baba yenu, yule yule