Wivu wa Kupumzika

Kambini, Kigali, tarehe 1 Juni

Kwako bibi yangu, Koko Cansilde,

Nakusalimu, Koko, wewe na mgongo wako, pamoja na Mzee Wenceslas anayekusomea hii. Mnaendeleaje huko Rugerero? Usishangae kupata barua. Kocha Gasana amekusanya simu zetu hadi siku ya marathon, anasema simu zinakula usingizi. Hii nimempa dereva wa basi la Gisenyi.

Zimebaki wiki tatu. Mwezi uliopita nilikuwa nakimbia kilomita thelathini na tano, na jioni nacheza. Sasa kocha ananipunguzia: leo kumi na mbili, kesho nane, keshokutwa kulala tu. Ungefikiri nafurahi. Koko, naumwa. Jumatatu goti, Jumanne nyonga, jana unyayo, na sikuanguka wala kujikwaa. Asubuhi naviangalia viatu na sitaki hata kuvifunga kamba. Najiuliza, miezi mitano nimeamka saa kumi na moja alfajiri kwa ajili ya nini?

Tena kuna Uwase. Tunalala chumba kimoja. Yeye anaamka anaimba. Mimi kocha ananipunguzia, yeye anamwongezea. Na sisi wasichana ni watano, jezi za timu ni nne. Atakayekosa jezi anarudi kwao, na klabu haimtaki tena. Jana nilimwona anatoka getini, kocha nyuma yake kwa pikipiki, nikavuta blanketi usoni. Nilimwonea wivu.

Mjukuu wako,
Igihozo


Rugerero, tarehe 4 Juni

Igihozo, mwana wangu,

Mi niko. Mugongo iko. Kuku ziko, isipokuwa moja ilipotea, na mi najua nyumba ilimopotelea. We uko namna gani? Wenceslas anauliza kama unasali. Mi nauliza kama unakula.

Barua yako alinisomea mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka. Mutu anapewa chakula, anapewa kitanda, anaambiwa lala, halafu analia! Mi miaka makumi tatu na mbili nabeba karoti kichwani, kutoka Rugerero navuka mupaka wa Kongo, mpaka Birere kule Goma, na hakuna mutu hata siku moja aliniambia: Cansilde, leo lala, hiyo ndiyo kazi. Nakuambia wazi, nimekuonea wivu. Ningekuwa na kocha kama huyo ningemupikia.

Mara ya pili sikucheka. Kupunguziwa, mi nakujua. Kwetu sisi wa kubeba, mwenye mali hakufukuzi siku moja. Anaanza na huruma. Mama mumoja wa soko alinifanyia hivyo nilipoanza kazi: "Cansilde, leo beba nusu, upumzike kidogo." Nikasema asante mama, Mungu akubariki. Siku ya pili, robo. Siku ya tatu nafika, karoti zote ziko kichwa cha mwanamuke mwingine, na yule mama ananiuliza nimekuja kutafuta nini.

Donc, basi, usikae mujinga. Amuka mbele kocha hajaamuka, mbele ya jogoo, ukimbie yako kamili. Huyo Uwase asikuache nyuma. Wenceslas anasema hii tusiandike, eti kocha amesoma. Nimemuambia: kalamu ni yako, maneno ni yangu.

Koko yako anayekupenda kupita wote wenye jezi,
Cansilde


Kambini, tarehe 10 Juni

Koko,

Nakusalimu. Natumaini wewe ni mzima, maana mimi si mzima.

Nilifanya ulivyosema. Asubuhi tatu nilipita nyuma ya jikoni kabla kocha hajaamka, nikakimbia kilomita ishirini, kisha nikarudi kitandani na kujifanya naamka. Siku ya kwanza nilijiona mjanja. Siku ya tatu, kwenye mteremko, shavu la mguu wa kulia lilikaza kama mtu amelikamata kwa mkono. Nilirudi nikichechemea. Kocha alikuwa amekaa kwenye ngazi anakunywa chai.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliuliza, "Hii ni asubuhi ya ngapi?" Nikasema ya tatu. "Nani amekutuma?" Nikasema hakuna. Ndipo akanieleza tena, polepole, kama anayemweleza mtoto wa chekechea: miezi mitano tumeuchosha mwili makusudi, na hizi wiki tatu ni za kuuacha ujirudishe. Ukijirudisha unauma hapa na pale, na moyo nao unalegea kwa kukosa kazi. Wote wako hivyo. Uwase anaongezewa kwa sababu Aprili alilazwa na malaria, anatafuta kilomita alizokosa. Kumbe akiimba anaimba kwa woga.

Nimeambiwa nilale hadi tarehe 17. Siku hiyo nitakimbia mbele ya kocha, na nikichechemea jezi yangu inakwenda kwa mwingine. Lakini sijali tena, Koko. Nalala natazama bati. Nikisikia viatu vya wenzangu nje nawaonea wivu wote, hata yule mwenye malengelenge. Nadhani nitapanda basi nirudi nyumbani.

Igihozo wako


Rugerero, tarehe 12 Juni

Igihozo, roho yangu,

Leo siulizi kama umeamuka muzuri. Najua hapana. Na mi pia hapana.

Ile basi ya kurudi, usiipande. Ukishuka hapa mbele ya tarehe 17 nitakurudisha Kigali na fimbo, mguu muzuri ao mguu mubaya. Halafu uende kwa kocha umwambie ni koko yangu alinituma. Usinifiche, mi si wa kufichwa. Umwambie hakusoma, alifikiri mbio ni kama karoti.

Hii inayokuja nimemuambia Wenceslas aiandike polepole. Mi sikukosea tu. Siku barua yako ilifika nilikuwa nimetoka Birere na mvua kichwani, shingo inawaka moto. Nasikia mujukuu wangu analala muchana na watu wanamuita shujaa. Ikanichoma. Wivu wangu ndio ulikuambia "amuka ukimbie", mi nikauvalisha nguo ya mapendo. Kama kuna koko hajawahi kumuonea mujukuu wake wivu, mumulete nimuangalie meno.

Na kuna kitu nilijua, sikukuambia. Mwaka wa Korona, mupaka ulipofungwa, nilikaa nyumbani. Nilifikiri nitanenepa. Ayiwe! Wiki ya kwanza magoti yakaanza kulia, halafu shingo, halafu mpaka vidole vya miguu. Nikamuambia Wenceslas, leta padri, nakufa. Haikuwa ugonjwa. Mwili ukiwa chini ya muzigo unanyamaza, hauna nafasi ya kulalamika. Ukitua ndio unaanza kukusemea yote uliyoufanyia. Na mi nilikaa vile, sitaki kupika, sitaki kuchana nywele, mwishowe ukanyamaza wenyewe. Siku walifungua mupaka nilivuka kama musichana wa ndoa.

Donc ule mguu wa asubuhi ya tatu muachie kocha. Lakini goti, nyonga, unyayo, hayo ya kwanza, acha yaseme. Yanasema tu.

Na sitaki ulale peke yako. Kuanzia leo na mi nimekaa. Mpaka tarehe 17 sibebi hata jani la kabichi. Karoti za muteja wangu wa Birere nimemupa jirani yangu Niyonsaba anibebee siku hizi.

Koko yako muenye kosa,
Cansilde


Rugerero, tarehe 15 Juni

Igihozo,

Hukujibu. Bon. Nakusalimu hivyo hivyo.

Leo siku ya nne nimekaa, na naumwa mahali sikujua kama niko napo. Asubuhi Niyonsaba amepita na karoti zangu kichwani. Anatembea kama muzigo haupo. Ananipungia mukono: "Koko, pumzika muzuri!" Kidogo nimutupie beseni. Muteja wangu, barabara yangu, na kichwa cha mwingine!

Nikachukua ngata, nikatoka mpaka kwenye miti ya uzio. Nikasema nitabeba kidogo tu, mujukuu yuko Kigali, ataonea wapi. Wenceslas alikuwa anakuja. Akaniangalia, akaangalia ngata. Akasema, "Mama Cansilde, na we unapita nyuma ya jikoni?"

Haya ilinishika mpaka masikio. Nikarudi nikakaa. Niko nimekaa mpaka sasa, nimekasirika, lakini nimekaa.

Koko yako


Rugerero, tarehe 19 Juni

Mwana,

Tarehe 17 imepita. Ulikimbia? Hata kama umechechemea, andika. Hata kama umenikasirikia, andika umekasirika.

Huku wote wazima. Mi nimerudi kazini, kazi iko, usiwe na wasiwasi.

Koko


Kigali, tarehe 24 Juni

Koko wangu,

Nakusalimu kwa magoti, maana leo hata ngazi nashuka kinyumenyume. Simu nimerudishiwa, lakini nimeandika. Kwa simu ungepiga kelele nisimalize.

Nilikuwa nimekukasirikia, ndiyo maana nilinyamaza. Barua ya tarehe 12 niliisoma nikaitupa chini ya kitanda. Ile ya ngata nilicheka hadi Uwase akaomba nimsomee, naye akacheka. Siku hiyo hiyo nilikwenda kwa kocha nikamwambia ni wewe. Akauliza umebeba miaka mingapi. Nikamwambia thelathini na miwili. Akasema, "Basi ana haki ya kutoniamini."

Tarehe 17 sikuchechemea. Nilipewa jezi ya nne. Usidhani hamu ilirudi siku hiyo; hadi jana asubuhi, siku yenyewe ya marathon, nilikuwa navaa viatu kama mtu anayeenda hospitali. Ilirudi kilomita ya sita. Niliteremka na miguu ikanyamaza kimya, Koko, nikaogopa, nikafikiri nimeisahau kambini.

Uwase alinipita kilomita ya thelathini na mbili. Nilimwonea wivu na nikamfuata na wivu wangu hivyo hivyo hadi mwisho. Yeye amekuwa wa nne. Mimi wa saba, kwa saa mbili na dakika arobaini na sita. Klabu imenibakiza.

Mjukuu wako,
Igihozo


Rugerero, tarehe 28 Juni

Igihozo, mwana wa mwana wangu,

Nimepiga impundu, vigelegele vyetu, mpaka majirani wamefikiri kuna harusi. Wenceslas anapangusa macho, anasema ni moshi. Moto sijawasha. Wa saba! Na huyo Uwase wa nne, bon, Mungu amubariki, mi bado simupendi.

Sasa sikia ya kwangu, usije ukaisikia kwa mwingine. Nilikuandikia kazi iko. Nilikudanganya. Tarehe 18 nilienda Birere, namukuta Niyonsaba ameshatua, muteja anamupa chai. Muteja akaniambia na sauti ya asali, "Koko, mumezeeka sasa, pumzikeni." Donc ile niliyokuandikia juu ya kupunguziwa ilikuwa kweli. Ila ilikuwa yangu, haikuwa yako. Sikutaka uisikie mbele ya mbio.

Usilie, na usimuchukie Niyonsaba, kazi hiyo niachie mi. Kila asubuhi akipita namuonea wivu. Anatembea muzuri, ndiyo inaniua. Nikikuambia sijuti, Wenceslas atakataa kuandika. Najuta Jumatatu mpaka Jumamosi. Jumapili nikikumbuka umefika, najuta kidogo.

Lakini jana mutu ameniita nyuma, nikageuza kichwa, na kikageuka chote. Muenye kubeba hageuzi kichwa, mwana, anageuka na mwili muzima kama mulango. Nilisimama pale nikaangalia kushoto, nikaangalia kulia, watu wakafikiri nimepoteza mutoto.

Niulizie kocha wako kitu kimoja, na usicheke. Nyinyi mukishamaliza mbio ile kubwa, asubuhi ya kwanza mutu anaamuka na hakuna anayemungoja barabarani, anafanya nini? Kocha lazima iko na karatasi ya mupango wa hiyo. Aiandikie na mi. Wenceslas atanisomea.

Koko yako,
Cansilde