Udongo wa Miraji, na Tope Langu

Mwantum,

Maji ya kisima yamo mtungini. Uoshe shavu taratibu, usisugue, kisha upake mafuta ya nazi. Ndimu usiguse! Wali umo chunguni.

Tope nililokupaka asubuhi nililichota mkondoni, chini ya mikoko. Lina chumvi na mchanga, nami sikulichekecha. Nilitaka shoga zako hapa Mbwera waseme, "Mumewe ndiye anayemng'arisha," wasimtaje tena binamu yako Miraji na udongo mweupe wa milimani aliokupa. Ulipopiga yowe nikasema ngozi yako inadeka. Si kweli. Chuoni tulifunzwa kwamba mwili ni amana, nami nimehitimu Kurani, na bado wivu umenishinda.

~~Udongo wa Miraji nimeutupa.~~

Uko darini, nyuma ya ungo. Nimejipaka kidogo ndani ya kiwiko, kama nilivyopaswa kufanya kwa lile tope langu. Hauwashi. Shavu likipona utumie, ila uuoshe kabla haujakauka ukavuta ngozi.

Jana uliniomba tumpokee Miraji, kwani askari wa Mdachi wamechoma kijiji chao na yuko Mohoro hana pa kulala. Nikasingizia chakula hakitoshi. Kumbe sikutaka tu kulala nyumba moja na mtu aliyekuposa kabla yangu.

Basi naenda na mtumbwi kumchukua. Mtandikie jamvi barazani, umwekee samaki mkubwa.

Lakini udongo ujipake mwenyewe. Mgongoni, uningoje mimi.

Mumeo