Maji Uliyoyasahau kwenye Hesabu

Nyumbani,
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu zikufikie huko ulikojifungia. Hujambo? Unakula? Mgongo umeacha kukusumbua? Sisi tunapumua. Shemeji yako anakusalimu. Anarudi kazini, ananawa, anakaa kwenye kitanda cha Chiriku wetu, basi.

Nguo za marehemu mwanangu nimezifua zote isipokuwa sweta la kijani. Cherehani sijaigusa. Wateja wanakuja, wananipa pole, wanaondoka na vitambaa vyao.

Uliposema kwenye simu kwamba umeacha kazi ya utafiti, nilikata simu kwa sababu nilikuwa na hasira. Tusifichane. Ulituambia kompyuta imeonyesha kasoro aliyozaliwa nayo mwanangu haina madhara, protoni zinapita vizuri kwenye seli zake, nami nikapata usingizi. Kumbe, kama ulivyokiri mwenyewe, protoni hupita kwa kurukia mstari mwembamba wa maji ndani ya seli, na kasoro ile ilikuwa inaukata mstari huo. Wewe maji hukuyaweka kwenye hesabu, ukidhani pale ni pakavu, kwa hiyo kompyuta haikuona kilichokatika.

Nilimuuliza daktari. Akasema hata ungepatia, dawa haikuwepo. Hilo nimelimeza, nawe limeze.

Nakumbuka ulivyotupanga koridoni tupokezane vifungo vyangu vya nguo, eti ndizo elektroni. Kila kifungo kikipita, Chiriku anasukuma shanga moja chini ya mlango: protoni hiyo, imevuka ukuta. Zikirudi, ukasema, ndipo mwili unapata nguvu. Baba yake akachelewesha mstari, Chiriku akapiga kelele: "Mjomba, mfukuze huyu! Elektroni gani inapiga miayo?" Ulicheka mpaka ukakaa chini.

Sasa sikiliza, maana hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mdogo wake Chiriku ameanza kupumzika katikati ya ngazi. Tulidhani ni huzuni. Damu imepimwa: kasoro ni ile ile. Daktari hakunizungusha. "Mama, dawa sina. Na hakuna atakayejua aanzie wapi kuitafuta, mpaka ionekane njia ya protoni inakatikaje hasa."

Rudi kazini, baba. Weka yale maji, hesabu uianze upya. Sikudanganyi kwamba mtoto atasubiri mpaka mmalize. Mwenyewe ananiuliza kama ataacha kuchoka, namwambia mjomba wake anaangalia. Usinifanye mwongo.

Mama anakuombea kila akiamka. Msalimie wifi yangu na wale mapacha, uwabusu kwa niaba yangu. Mungu akupe macho ya kuona kilichojificha, na moyo wa kuvumilia utakachokiona.

Kila ukikaa kwenye hiyo kompyuta, utukumbuke.

Wako akupendaye daima,
Dada yako