Mama, Yule Ng'ombe Mwekundu Alikuwa wa Nani?

Mama yangu,

Shikamoo huko uliko. Huku Machame kumekucha na ukungu, nami nina maswali kibao, maana uliondoka kabla hujanieleza mambo mengi. Ulizoea kuniambia, "Aika, maswali yako yatamaliza watu." Basi leo nivumilie.

Unamkumbuka yule ng'ombe mwekundu aliyekuwa bandani kwetu baada ya baba kufariki? Mimi nilijua ni wetu. Nilimkatia majani, nikampa jina, nikaringa naye shuleni. Walipokuja kumchukua nililia mpaka macho yakavimba. Wewe ukanijibu huku unamenya ndizi za machalari, "Ameenda kusalimia kwao." Mtoto wa watu nikaridhika, nikakaa namngoja arudi.

Kilichonirudisha kwenye habari hizo ni kazi. Sasa mimi ni ofisa maendeleo ya jamii wa kata. Mwaka huu kule tambarare mvua zilikatika mapema, mahindi yakakaukia shambani yakabaki mabua tu. Huku juu nako vihamba, yale mashamba ya ukoo ya nyumbani, vimegawanywa kwa watoto wa kiume hadi vingine vinatosha migomba michache na makaburi. Njaa ipo kotekote, ila ya huku inajua kujificha. Kwa hiyo halmashauri yetu na ile ya chini, zilizokuwa zikigombania hata kizuizi cha ushuru, zimekaa meza moja. Wao walete mabua na pumba, sisi tutoe mitamba na mbolea. Kila kaya iliyoelemewa ipewe mtamba: maziwa yake wanywe watoto, na ndama wa kwanza apelekwe kwa kaya nyingine kule chini. Nilifurahi kweli, mama. Nilidhani tumeshamaliza kazi.

Kumbe tulichemsha. Tuliitisha mkutano wa kijiji, mwenyekiti akashika spika akatangaza, "Kaya maskini zifuatazo zije mbele." Hakuna aliyenyanyuka. Jirani yetu Mama Elinami, anayelea wajukuu watatu peke yake, alitajwa wa kwanza. Akajifunga kitenge vizuri akasema, "Huyo atakuwa Mama Elinami mwingine," akaenda zake. Kesho yake nilipita kwake nikaona ameshakata mikungu ambayo vidole vyake havijazidi cha mkono wangu. Wewe ulinifundisha kwamba mtu hakati ndizi changa kama ana kitu kingine ndani. Niliumia sana. Mitamba walikuwa tayari, na kama hakuna wa kuwapokea, mpango mzima ungevunjika na wale watoto wangeendelea kula ndizi zisizokomaa.

Kwenye kikao cha halmashauri zote mbili nikajitutumua kueleza jinsi wewe ulivyokuwa unajua nani ana shida bila kumuuliza. Mjumbe mmoja wa kutoka chini, mzee mwenye shamba la mahindi kule tambarare na kihamba huku juu, akanitazama sana. Akauliza, "Wewe si mtoto wa Mama Aika? Yule ng'ombe mwekundu alikuwa wa baba yangu."

Akaeleza kwamba zamani mwenye ng'ombe wengi aliwaweka wengine kwenye nyumba iliyopungukiwa. Mlezi alichukua maziwa na mbolea, lakini ng'ombe akabaki mali ya mwenyewe. Tena hakuna aliyeambiwa anasaidiwa. Mwenye ng'ombe ndiye aliyeenda kuomba, "Nisaidie kumlea huyu, kwangu majani hayatoshi."

Yaani mama, nyumba iliyopungukiwa ilikuwa yetu. Na mimi nilivyokuwa naringa!

Tukaacha spika. Wazee wa pande zote mbili wakakubali kupita nyumba kwa nyumba wakiomba kusaidiwa kulea mitamba, kana kwamba ni wao. Kwa Mama Elinami nilikwenda na yule mzee. Nilimwamkia, tukazungumza habari za mvua na za kanisani, kisha mzee akaomba amlelee mtamba wake mmoja, maana kwake malisho yameisha. Mama Elinami akamzunguka mtamba, akamkagua kwato. Akauliza, "Na mbolea ni ya kwangu?"

"Ya kwako yote," mzee akamjibu.

Akaichukua kamba. Kisha akanigeukia mimi. "Unadhani sijui? Mama yako naye aliombwa hivihivi, mimi nikiwa nimesimama pale pale uani kwenu."

Nikamuuliza, maana unanijua, "Alikubali mara moja?"

"Alikataa. Alisema ng'ombe wa watu hamwezi. Baba wa huyu mzee akaaga, akaondoka na ng'ombe wake, akafika kwenye mfereji. Ndipo wewe ukatoka jikoni ukamuuliza mama yako kama leo mnakula. Alikimbia kumwita yule mzee arudi."

Mama, mimi sikumbuki kuuliza hivyo. Nakumbuka ng'ombe, nakumbuka maziwa, nakumbuka mtori uliokuwa na nyama siku ya Krismasi. Siku ile siikumbuki hata kidogo, na sasa naona ndivyo ulivyotaka. Ulikuwa na haya, mama, na bado ulikimbia. Asante kwa kumwita arudi.

Pumzika. Maswali mengine nitayaacha.

Binti yako aliyeshiba,
Aika