Jiwe Chini ya Vitambaa Vitatu

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umekaa, mguu uko juu ya kigoda kama daktari alivyosema, wala hujasimama jikoni kumfundisha Dada kukata vitunguu. Mimi ni mzima, mgongo tu ndio unaonikumbusha umri. Mke wangu anakusalimu sana, na wajukuu wanauliza utakuja lini uwatetee, maana hapa nyumbani hawana wakili.

Najua macho yako hayaelewani tena na mwandiko wangu, kwa hiyo anayekusomea ni Dada. Dada, nakujua wewe. Usiruke mstari, usitie chumvi, na ukifika mahali pa kunicheka, cheka, lakini soma mpaka mwisho.

Mama, nilipokuja mara ya mwisho ulinishika mkono ukaniambia kwamba miaka thelathini na moja sasa, kila Jumapili, unamwomba Mungu msamaha kwa sababu ulimnyang'anya padre wake. Kwamba usingevunjika nyonga mwaka ule, nisingeacha seminari kuja kukuuguza, na leo ningekuwa altareni. Mimi nikakohoa, nikasema chai inapoa. Kikohozi kile hakijanitoka kooni mpaka leo. Nataka kukujibu, ila niache nianzie mbali kidogo, si unajua nilivyo.

Seminari yetu imefungwa, hilo umelisikia. Vijana walipungua mpaka mabweni yakabaki ya popo, na sasa majengo yatakuwa chuo cha wauguzi. Kikanisa peke yake ndicho kilichokuwa bado na vitu vyake. Askofu akaagiza altare ile ya mbao ifunguliwe kipande kwa kipande, ihamishiwe parokia mpya. Wakatafuta seremala anayezielewa mbao za zamani, wakanipigia mimi. Nilikubali kabla sijafikiri.

Siku ya kwanza sikugusa kitu. Nilikaa kwenye kiti changu, cha kumi na moja upande wa kushoto. Mama, mbao zile! Viti vimepangwa safu mbili zikitazamana, kwa sababu tuliimba zaburi kwa kupokezana, upande huu mstari wao, upande ule mstari wao, kwa Kilatini ambacho nusu yetu tulikimeza bila kutafuna. Ubao wa kupigia magoti umechimbika kwa magoti ya miaka sabini. Chetezo bado kinaning'inia kwenye msumari wake sakristia, kile chumba cha nyuma ya altare, na ukifungua kabati la mavazi harufu ya ubani inakupiga usoni, utadhani misa imeisha sasa hivi. Wenzangu walilalamika kwamba ibada zile za kizamani zilikuwa ndefu. Mimi nilizipenda. Nilipenda hata kimya chake, na sijawahi kukuambia hilo.

Mwalimu wetu wa ibada alikuwa padre mrefu, mkavu, tuliyemwita Padre Rula, kwa kuwa hakuachana na rula mfukoni mwa kanzu. Mshumaa ukisogea nusu inchi, ataupima aurudishe, hata kama askofu anasubiri. Sasa amepita themanini, anaishi kwenye kijumba cha getini, na amekataa kuondoka mpaka altare itangulie. Mungu anisamehe, njia nzima nilikuwa nikiomba nisimkute. Nilimkuta. Tena alijiletea kiti, akaketi hatua tatu kutoka altareni, rula mkononi, anisimamie kazi.

Hofu yangu ilikuwa hii. Katikati ya altare kuna jiwe bapa, ukubwa wa daftari, lenye masalia ya watakatifu ndani yake, nalo limebarikiwa na askofu. Juu yake ndipo kalisi, kikombe cha divai ya misa, husimama. Linafunikwa kwa vitambaa vitatu, kwa hiyo halionekani. Padre Rula alitufundisha kwamba jiwe hilo likivunjika baraka yake imekwisha, na alilisema kwa sauti ya kumfanya mtu atembee kwa ncha za vidole. Mwaka wangu wa mwisho, mtunza sakristia nilikuwa mimi. Alhamisi Kuu, baada ya misa, altare huvuliwa vitambaa vyote ibaki tupu. Nikaona vumbi pembeni mwa jiwe. Si ningeliacha! Hakuna aliyenituma. Nikalichomoa nipanguse chini yake, likaniponyoka, likagonga ngazi, likawa mawili.

Nikayeyusha mshumaa, nikalibandika kwa nta, nikalirudisha na kulifunika. Pasaka watu wanaimba aleluya, mimi jasho linanitiririka mgongoni. Niliamini kila misa juu ya jiwe lile ilikuwa bure, na kwamba nimewadanganya watu wote wale, na Mungu juu yao. Nilibeba siri hiyo mpaka likizo, na sikumwambia mtu.

Basi Jumanne iliyopita, mtu mzima mwenye mvi, nikatoa kitambaa cha kwanza. Nikatoa cha pili. Cha tatu nilikishika nikasita, Padre Rula akaniuliza kama nangoja kengele. Nikakivuta.

Jiwe lilikuwa zima! Zima kabisa, Mama, halina hata ufa, tena si lile la kijivu, hili lilikuwa jeupe. Nikalipapasa mara tatu. Nyuma yangu nikasikia mzee anacheka mpaka kiti kinalia.

Aliniambia kwamba Jumatatu ya Pasaka alikuwa akipima mishumaa, akaona kalisi imeinama kwa upana wa ukucha. Akafunua vitambaa, akaikuta nta yangu. Masalia akayapeleka kwa askofu, na mahali pale akaweka jiwe jingine, la kwenye sanduku la safari la mapadre wa zamani. Kwamba ni mimi alijua saa ile ile, maana ufunguo wa sakristia nilikuwa nao mimi peke yangu. Akanyamaza, akingoja niende mwenyewe. Kila jioni aliacha mlango wa ofisi yake wazi. Likizo ikafika, nikaondoka, akasikia mama yangu amevunjika nyonga, akaamini ndiyo sababu sikurudi.

Nikamuuliza kuhusu misa zile za Pasaka. Akasema zilikuwa misa kamili, kwamba mapadre wafungwa wameadhimisha juu ya masanduku ya mbao na Mungu hakuwapita, na kwamba jiwe ni heshima tu. Kisha kicheko kikamwisha. Akasema alitufundisha vizuri sana kuliogopa jiwe, akasahau kutufundisha kwamba kilichovunjika husemwa. Akaniomba msamaha, Mama. Padre Rula, aniombe mimi! Nikamwambia tumetoka sare, akaniungamisha pale pale, magoti yangu kwenye vumbi la mbao. Nilipoinuka nilijiona mwepesi mpaka nikashika altare nisiyumbe.

Sasa, Mama, mshike Dada mkono. Siku niliyofika nyumbani likizo ile, nilikuwa nimekwisha amua kutorudi seminari. Sanduku langu lilikuwa na kila kitu, hata shuka na mto. Hukuliona kwa kuwa ulikuwa kitandani, ulikuwa umeanguka siku mbili kabla. Nikaona hapo ndipo pa kujificha. Nikasema nabaki kukuuguza. Majirani wakanisifu kwamba nina radhi ya mama, nikazipokea sifa zile bila aibu, na wewe ukabeba mzigo usio wako miaka yote hii. Kukuuguza nilikuuguza kwa moyo wote, hilo si uongo. Lakini hukunitoa seminari. Hofu yangu ndiyo iliyonitoa. Nisamehe, Mama.

Wala usinililie upadre. Nilimuuliza mzee kama nilipoteza wito. Akaitazama altare niliyoifungua bila kuvunja hata kiungo kimoja, akapima kipande kimoja kwa rula yake, akasema Mungu hakukosa kazi ya kunipa.

Vipande vya jiwe lile la kwanza alivitunza. Likishavunjika ni jiwe kama mawe mengine, kwa hiyo kimoja amekiweka chini ya mlango wake usijifunge. Cha pili amenipa. Nitakuletea mwisho wa mwezi, uwekee mlango wako wa jikoni ule unaobamizwa na upepo.

Kwa hiyo Jumapili hii, Mama, omba mvua, waombee wajukuu, niombee mgongo wangu. Lile la msamaha liache. Wewe ulivunjika nyonga tu. Aliyevunja jiwe ni mimi.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na jirani yako mbishi pia. Dada, futa machozi, kisha umsomee tena kuanzia pale jiwe lilipokutwa zima.

Ni mimi kitinda mimba wako,
Fundi