Samaki wa Birika la Mjomba Mohdhar

Pate Mjini,
Kisiwa cha Pate,
kwa njia ya Amu.
12 Mei 2025

Mpendwa dada yangu Lubna,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta huko Maskati u mzima, wewe na shemeji Fadhil na mwanetu Aaliya, na kwamba goti lako limeacha kukusumbua. Sisi hatujambo, alhamdulillahi. Mimi nimenenepa kidogo. Mke wangu Wafaa asema si unene, ni majivuno yameshuka tumboni. Ukimaliza kusoma utaona nina haki nayo.

Kaa kitako, dada. Lile birika la kutawadhia pale msikitini, alilolijenga marehemu baba yako, Mjomba Mohdhar, kuwa sadaka yake, lilikuwa livunjwe. Sikukwambia kwenye simu kwa kuwa nakujua, ungelia mpaka majirani waje kukupa pole, na mimi nilikuwa sijashindwa bado. Sasa naweza kusema: halivunjwi. Na aliyelinusuru ndiye huyu anayekuandikia.

Mambo yalianza Shaabani, tulipokuwa tukiusafisha msikiti kwa ajili ya Ramadhani. Bwana Abdulwahid, mwenye duka pale pembeni, akaleta galoni ya dawa ya kung'arishia vyoo, bure, kwa ajili ya Mungu. Nia yake ilikuwa njema, hilo silipingi. Aliwatoa wale samaki wadogo akawatia ndooni, akamimina dawa yote birikani, akasugua. Weupe ukatoka kama meno ya bandia. Tukamsifu, nami nikiwemo. Akajaza maji, akawarudisha samaki. Kufika alasiri wote wako juu, matumbo wazi.

Wakumbuka kwa nini Mjomba Mohdhar aliwatia samaki mle: wale viluwiluwi vya mbu. Bila wao birika likawa madrasa ya mbu. Tarawehe za mwaka huu watu walisali huku wakijipiga makofi mwilini, mgeni angedhani kuna harusi. Na dawa ya Abdulwahid ikawa ni kuongeza dawa.

Sisi hatuna mto kama watu wa bara. Mto wetu ni ule mtaro unaotoka msikitini, ukapita nyuma ya majiko yetu ukiokota povu la kila nyumba, ukaishia kwenye mikoko. Mama mkwe wangu, Bi Mwana, hushika kaa pale. Siku moja akarudi na kapu tupu akaniuliza, kana kwamba ni mimi niliyewahamisha nchi, "Kaa wangu wamekwenda nti gani?"

Baada ya Idi kamati ikakaa, ikasema birika ndilo linalozaa mbu, livunjwe, liwekwe tangi la plastiki lenye mabomba. Hapo nikasimama. Nikawaambia mimi nimefika Mombasa, Dar es Salaam na Jidda, na kote huko sijaona maji yanayosafishwa kwa kuuawa. Nipeni mpaka Ijumaa. Nitalisafisha bila tone la dawa na samaki wataishi. Wakifa, nyundo nitaishika mwenyewe.

Abdulwahid akacheka. "Husni, wewe hata sahani uliyolia huoshi."

"Sahani haina thawabu za mjomba wangu," nikamjibu, nikaondoka upesi kabla hajaniuliza nitafanyaje.

Maana sikujua. Nilifika nyumbani nikakamata kapu la ndimu. Wafaa akanitazama. "Waosha birika au wakaanga samaki? Ndimu itaila ile chokaa. Ndimu ni ya masufuria." Basi fikra ilikuwa yangu, ila magadi na dodoki ni yake, nayaandika haya kwa kuwa anasoma begani kwangu. Tuliteka maji yote kwa ndoo tukayamwaga mchangani, mbali na mtaro. Tukasugua kwa madodoki ya ua wetu, mchanga na magadi kidogo, tukasuuza hata vidole vikakunjamana kama vya watoto waliokataa kutoka baharini. Samaki wapya nikawatoa kisimani shambani kwangu. Wafaa naye akapita nyumba zote za mtaroni akiwaagiza waache dawa: masufuria kwa jivu na ndimu, sakafu kwa siki. Mke wangu akikwambia, hukatai.

Ijumaa kabla ya adhana watu wamejaa. Maji yameng'aa, chini waona kila jiwe, lakini samaki hata mmoja haonekani. Abdulwahid akainama. "Wamesafiri, Husni? Wamekwenda Jidda?"

Watu wakaangua kicheko. Nyundo ilikuwa pale ukutani, naiona. Nikamfikiria baba yako. Nikatia mkono mfukoni nikapata kipande cha mkate wa mofa, nikakifikicha juu ya maji. Wakatoka kwenye kivuli cha ukingo wote kwa pamoja, kama wanafunzi waliosikia kengele ya chakula.

Abdulwahid akainuka. Akatwaa ile kata ya baba yako, akateka maji, akatawadha wa kwanza. Baada ya sala akanijia. "Hayo madodoki, waweza kunipatia niuze dukani?" Nikamkumbatia. Sasa yananing'inia mlangoni kwake, naye ahubiri habari za mtaro kama yeye ndiye aliyeanza.

Juzi Bi Mwana kaleta kaa wawili wakubwa. Mmoja tumemla kwa heshima yako. Wa pili tumemla kwa heshima yangu.

Kwa hiyo ile katoni ya dawa za kusafishia uliyoahidi kuniletea ukija kututembelea, usije nayo. Sijawahi kukataa zawadi maishani, niombee nisizoee. Udi lete.

Wafaa na Bi Mwana wakusalimu sana. Msalimie shemeji, mbusu Aaliya. Mwenyezi Mungu akuponye goti, akufikishe kwetu salama, na amjaalie baba yako malipo ya kila tone.

Kata yake bado imetundikwa pale pale. Njoo utawadhe.

Ni mimi nduguyo nikupendaye, mshindi wa Pate yote,

Husni