Mstari Uliokataa Kutoka Kikombeni

Mjukuu wangu Akoth,

Huku Kisoko tu wazima. Baba yako anavuna mtama, na goti langu linalalamika kama kawaida yake.

Unaniambia kwamba huko maabara mmeona mwanga mkali wa leza ukipinda hewani bila kioo, ingawa kila mwale ndani yake umenyooka. Unauliza kama bibi yako ataamini.

Siku watu wa babu yako walipokuja kuniposa, niliambiwa nioshe vikombe vya bati. Ndani ya kimoja, juani, niliona mstari unaong'aa, umepinda kama mundu. Nikausugua kwa majivu mpaka vidole vikauma. Haukutoka! Nikaanza kulia, maana wangesema mimi mchafu. Shangazi yangu akakiweka kikombe kivulini, mstari ukapotea. Akakirudisha juani, ukarudi.

"Huo si uchafu," akasema polepole. "Ni jua. Lakini nani amelipinda?"

Tukakiinamia sote wawili, wageni wakingoja chai.

Nakuamini, mama. Leo asubuhi nimekiweka tena kikombe kile juani, na mstari bado upo. Kumbe siku ile nilikuwa nasugua kile ulichokwenda mbali hivyo kukitafuta.

Ni mimi, bibi yako.